Simbamamba wa Mama Kindi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, majiko na majirani wasumbufu kama sisi, kiangazi kilikausha mito yote ikabaki chemchemi moja tu. Basi Tembo na Kifaru wakaikalia! Waliikalia kweli, kwa makalio yao. Msicheke nyinyi, wenzenu walikuwa na kiu!

Mama Kindi, mchoraji, alikuwa na watoto watatu. Kutwa kucha ni "Mama, maji! Mama, maji!" mpaka sauti zikawakauka. Moyo ulimuuma. Asubuhi na mapema akabeba karatasi, wino wa masizi na rangi zake za maji, akaenda chemchemini.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba. Maji hakuna," akasema Tembo.

"Sikuja kunywa. Nimekuja kuchora."

Akachovya ncha ya mkia kwenye wino. Chwi, chwi, chwi! Kichwa cha simba. Taya za mamba. Miguu ya mbuni. Mkia wa nge.

"Dude gani hilo?" akauliza Kifaru, pua imegusa karatasi, maana macho yake yalikuwa mabovu.

"Simbamamba, babu."

"Anakula nini?"

"Vifaru. Ijumaa hubadilisha, hula tembo."

Tembo akacheka, ho ho ho! "Karatasi inile mimi?"

"Wino ni umbo tu, mzee. Mchoro wangu huamka nikishautia rangi. Hebu tazama."

Akachora kipepeo pembeni. Akachukua tone la umande kwenye jani, akakorogea rangi ya manjano, akapaka. Kisha akapuliza, fuu! Kipepeo wa manjano akaruka puruuu, akapita juu ya pua ya Kifaru.

Nawaambia nyinyi tu, msimwambie mtu: kipepeo yule alikuwa shoga yake Mama Kindi, alijificha nyuma ya karatasi tangu nyumbani. Na ile pembe ya karatasi yenye mchoro wa kipepeo, Mama Kindi alishaikunja usionekane.

"Lahaula!" Kifaru akarudi nyuma.

"Sasa tumpake huyu mkubwa," akasema Mama Kindi. "Umande umekwisha, lakini maji si haya hapa, tele?" Akanyoosha mkia kwenye chemchemi.

"Weee! Koma!" Tembo akapiga kelele. "Usiyaguse!"

"Jamani, mkia unaniwasha. Nikiona maji siwezi kujizuia. Labda yasiwepo."

Wakubwa wale wakatazamana. Tembo akainua mkonga, paaaa! "Swala! Ngiri! Pundamilia! Njooni mnywe, na mitungi mje nayo!"

"Lisibaki hata tone!" akalia Kifaru. "Mama Kindi, watoto wako wako wapi? Walete haraka, wawe wa kwanza!"

Watoto wakanywa, gu gu gu, matumbo yakawa ngoma. Mama Kindi akawatazama, machozi ya furaha yakamtoka.

Tatizo la wale mabwana ni kwamba chemchemi ilijaa tena kila alfajiri. Basi kila alfajiri walisimama kuita wanyama wote, huku Kifaru akibembeleza, "Ngiri, mwanangu, ongeza kikombe kimoja tu, nakuomba!"

Hadithi imeshiba maji, nami nanyamaza: anayewazidi mwili, wajukuu zangu, mshindeni kwa akili.