Moto Uliovuka Nyamagoma

Aliyekuwepo hayupo, na aliyepo hakuwepo. Basi msikilizeni aliyesikia. Kaeni vizuri. Nitasimulia mara moja tu, na majina nitakayotaja muyashike kama yalivyo. Sitaki kusikia kesho mtu akisema "yule jamaa" na "lile ziwa".

Zamani, kabla babu wa babu yangu hajaota meno, mtemi wa nchi hii alifariki. Siku hizo mtemi akifa, majiko yote yalizimwa. Hakuna aliyeruhusiwa kupekecha moto wake mwenyewe. Moto ulitoka jiko moja tu, la mtemi mpya, kijiji cha Lugongo, ng'ambo ya ziwa Sagara. Aliyeutaka aliufuata huko kwa mtumbwi.

Katika kijiji cha Bweru, kando ya mto Malagarasi, alikuwako Ruhaga, mwana wa Bihole. Mkewe, Nyanzobe, alikuwa amejifungua mtoto wa kike kabla ya siku zake. Mvua ilinyesha, nyumba ikawa baridi kama kisima. Mkunga alimwambia Ruhaga maneno machache: asipoleta moto katika siku sita, asihangaike kumtafutia mtoto jina.

Ruhaga akachukua marafiki zake watatu. Kitwe alikuwa mpiga zeze. Gwasa alikuwa na mikono yenye nguvu, na kichwa, basi tuseme mikono yake ilikuwa na nguvu. Wa tatu alikuwa Luhende, ambaye peke yake aliyajua maji yale. Wakamweka tezi, nyuma ya mtumbwi, ashike pondo la kusukumia.

Hapo ndipo walipokosea, wajukuu zangu. Si kwamba Luhende hakufaa. Luhende alikuwa mtani wao. Babu zake walipigana na babu zetu, kisha wakanywa pombe kwa mrija mmoja, na tangu hapo hakuna aliyemwambia mwenzake neno la maana. Mtani hakuiti jina lako. Ruhaga aliitwa "mtumwa wangu", Kitwe aliitwa "boga", Gwasa aliitwa "tumbo". Na anayekasirika hulipa kuku. Sasa nawauliza: mnamkabidhi chombo mtu ambaye mmekula kiapo cha kutomwamini?

Walikwenda siku mbili, na Lugongo walipewa moto: makaa ndani ya chungu, yamefunikwa kwa samadi kavu. Kitwe alikuwa amebeba zeze lake ili akapokelewe kwa heshima. Alilifunga kwa ngozi tatu. Kata ya kukumbia maji waliisahau Bweru. Zeze walilikumbuka.

Wakaanza safari ya kurudi. Upepo ukavuma Sagara. Luhende akasema wafuate ukingo wa mafunjo, katikati hapafai. Alisema kweli. Wakacheka. Gwasa akasema kwamba mama yake Luhende alimwogesha kwa vumbi, ndiyo maana anaogopa maji. Wakakata katikati. Mawimbi yakaingia mtumbwini, na Gwasa akayakumba. Kwa kitu gani? Kwa kifuniko cha chungu cha moto. Ndiyo. Msinitazame mimi, sikuwepo.

Wakafika penye mkondo unaotoka Sagara kwenda ziwa Nyamagoma. Una midomo miwili. Luhende akasema wa kushoto. Alisema kweli. Wakacheka, wakaingia wa kulia. Siku nzima walisukuma mtumbwi ndani ya matete, ruba wakiwanyonya miguu, wakilaumiana nani alichagua. Kesho yake wakarudi walikotoka, wakashika wa kushoto. Hata samahani hawakusema.

Siku ya sita asubuhi walikuwa Nyamagoma. Upepo wa mbele, mvua ya ubavuni. Luhende aliona kuwa chungu hakitoi moshi tena. Akasema, "Mtumwa wangu, moto unakufa."

Kitwe akajibu kwamba anayekufa ni Luhende, kwa njaa, na asubiri ugali kama wenzake. Wakacheka tena. Wakacheka, watoto, na Bweru mtoto amepoa mikono.

Luhende akaling'oa pondo majini, akalilaza. Mtumbwi ukaanza kugeuka kwa upepo. Akasema taratibu:

"Ruhaga, mwana wa Bihole na wa Nyabenda. Moto wa mtoto wako unakufa."

Kicheko kikakatika. Tangu wazaliwe hawakuwahi kumsikia akitamka jina la mtu. Ruhaga akafunua chungu. Samadi imelowa, majivu matupu, na chini kabisa kaa moja, dogo kama njugu.

"Nipeni kitu kikavu," Ruhaga alisema.

Palikuwa na nini kikavu? Nguo zilikuwa zikichuruzika. Luhende akamgeukia mpiga zeze. "Kitwe, mwana wa Rusengo na wa Mbonabose. Wewe unacho."

Zeze lile alilichonga marehemu baba yake. Kitwe alilitazama kidogo. Kisha akafungua ngozi ya kwanza, ya pili, ya tatu, akalivunja juu ya goti lake, vipande vidogo vidogo. Ruhaga akapuliza mpaka machozi yakamtoka. Gwasa aliinama juu yao, akakinga mvua kwa mgongo wake mpana. Na Luhende akasema wapi pa kupita, wakapita. Wakaingia mto Malagarasi, wakafika Bweru kabla ya jua kuzama.

Moto ukawashwa. Mtoto akalia, akanyonya, akapewa jina: Nyamagoma. Yeye ndiye mama wa babu wa babu yangu, kwa hiyo msicheze na jina hilo.

Luhende alipoingia kumtazama alisema, "Mtumwa wangu, mtoto ana pua yako. Maskini."

Ndipo Ruhaga akalia.

Utani ni kitu kizuri, lakini msimcheke mtu mpaka mkapoteza njia ya kumsikia. Tangu siku ile, mtani akishika pondo, mnaitana kwa majina mpaka nchi kavu.

Mtumbwi nimeufunga, pondo nimelilaza. Aliyelowa akaote moto.