Bakuli Lililorudi Tupu

Mwanamke mmoja alikuwa na jirani, na jirani alikuwa na bakuli. Lilikuwa bakuli la kawaida la bati, lenye maua mekundu yaliyoanza kufutika ubavuni. Hata hivyo, nusura lizime tanuri la kijiji kizima.

Kijiji kiliitwa Mseto. Upande wa juu wa barabara walikaa watu waliohamia kutoka milimani, na upande wa chini wale waliohamia kutoka ziwani. Wote walikuja kutafuta shamba, wote waliumwa na mbu walewale, wote walimlalamikia diwani yuleyule. Miaka yote walisalimiana vizuri, kwa namna ya watu ambao hawajawahi kuulizana jambo lolote la maana.

Nimeombwa niseme nanyi wanafunzi, na wazazi wenu walioketi nyuma, kuhusu tofauti za utamaduni na mgawanyiko wa jamii. Hayo ni maneno makubwa, yanataka mtu mwenye suti. Mimi nina tumbo tu, nalo nimelipata kwenye nyumba za watu, huko na huko nilikopita nikijifanya nafanya kazi. Basi nitasema kuhusu bakuli.

Yule mwanamke aliitwa Semeni, mtu wa juu. Bintiye, Chiku, alikuwa amefaulu darasa la saba. Sekondari ya karibu ilikuwa ng'ambo ya mto, na mto huo mvua ikinyesha haupitiki. Wasichana waliomtangulia walipangishiwa vyumba huko ng'ambo, na wengi wao walirudi nyumbani kabla ya kumaliza, kila mmoja na sababu yake, na sababu nyingine zilikuwa zimebebwa mgongoni. Kijiji kikaamua kujenga madarasa yake chenyewe. Kuta zikisimama kabla ya shule kufunguliwa, Chiku na wenzake wataanza kidato cha kwanza palepale. Zisiposimama, Chiku atashika jembe. Semeni alilijua hilo kila alipojitwisha ndoo ya udongo, na alijitwisha nyingi.

Matofali waliyafyatua pamoja, juu na chini, na wakayapanga kuwa tanuri katikati, pembeni mwa barabara. Mnajua tanuri la matofali lilivyo. Chini lina mahandaki yanayopenya kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, na kila handaki lina midomo miwili. Unalichochea huku, na mwenzako analichochea kule. Likichochewa upande mmoja tu, matofali ya upande wa pili hubaki mabichi, na tofali bichi likipigwa na mvua hurudi kuwa tope. Likishakuwa tope hushuka, nayo yaliyo juu yake hushuka nalo, yaliyoiva na yasiyoiva. Midomo ya huku wakapewa watu wa juu, ya kule wakapewa watu wa chini. Kuni zikakusanywa. Ikabaki kungoja matofali yakauke.

Katika kungoja huko Mashavu, jirani wa Semeni kutoka upande wa chini, aliugua homa. Semeni akampikia ndizi kwa maharage, akajaza bakuli lake mwenyewe, akampelekea. Mashavu alikula, akapata nguvu. Akalisugua bakuli kwa majivu mpaka likang'aa, akalirudisha kwa mikono miwili. Tupu.

Sasa, kwa watu wa juu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Unatia chochote: viazi, chumvi kidogo, hata jani la mchicha kama ndicho ulichonacho. Kumrudishia mtu bakuli tupu ni kuitakia njaa nyumba yake. Semeni alilitazama lile bakuli linang'aa kama kioo, na ndani yake hakuna kitu ila uso wake mwenyewe umekunjamana. Akapokea, akashukuru, akafunga mlango, ndipo akasema, naye aliwaambia watu wote isipokuwa Mashavu.

Mashavu, asiyejua lolote, akapata samaki wazuri. Akawapika, akawatia katika bakuli lake, hili lenye maua mekundu, akampelekea shoga yake aliyemtunza alipougua. Semeni akawapokea. Akajisemea moyoni, ngoja nimfundishe adabu huyu. Akalijaza lile bakuli viazi vitamu, akavirundika mpaka vikawa kilima, akalirudisha.

Na kwa watu wa chini, enyi wenzangu, chombo cha rafiki hurudi kitupu na kisafi. Maana yake ni kwamba wema wako bado uko kwangu, sijauondoa, mlango uko wazi. Ukitia kitu ndani umelipa. Umesema: nimekurudishia chako, tusijuane. Mashavu aliviona vile viazi akakaa chini palepale mlangoni. "Amenilipa," alisema. "Mama Chiku amenilipa kama muuza mkaa." Hakuvigusa. Jioni hiyo alilibeba bakuli lake na viazi vyake, akaliacha kizingitini kwa Semeni bila hodi. Kama ni kulipa, basi achukue na bakuli.

Kila mmoja alikuwa amefanya jambo la heshima kuliko yote aliyofundishwa na mama yake, na kila mmoja alikuwa ametukanwa.

Hapo wangeweza kuulizana. Semeni, kama mnavyosikia, jina lake lenyewe ni amri ya kusema. Lakini pale kijijini alikuwepo bwana mmoja, Majuto, ambaye kazi yake ilikuwa kupita. Alipita juu wakati wa chakula cha mchana, akapita chini wakati wa chakula cha jioni, na kote alilipia sahani yake kwa habari. Alinenepa sana kipindi kile. Kwa umbo tunafanana, nakiri, ila mimi langu nimelipata kwa kunyamaza na kuongezwa.

"Mnajua wanasemaje kule chini?" aliuliza huku anamenya kiazi. "Wanasema viazi vyenu hata mbuzi wao hawali."

Na kule chini, huku anachambua mwiba wa samaki: "Kule juu wanasema nyinyi mnakula, mnafuta mdomo, mnarudisha chombo kama hamumjui mwenyewe."

Hili la pili lilikuwa limesemwa kweli. La kwanza alilitunga njiani. Baada ya wiki chache hapakuwa na tofauti, kwa sababu yote mawili yalikuwa yanasemwa na kila mtu. Bakuli likasahaulika. Wakabaki "wale". Wale wa chini wachoyo, ndivyo walivyo, hata watoto wao. Wale wa juu, kwao hata ugali una bei. Benchi la dukani likahamishwa, yakawa mabenchi mawili. Timu ya mpira ikagawanyika, na kwa kuwa hapakuwa na wachezaji wa kutosha pande mbili, mpira wenyewe ukafa. Vijana waliozaliwa palepale Mseto, ambao hawajawahi kuuona mlima wala ziwa, wakaanza kutamba kwa mlima na ziwa kuliko wazee waliotoka huko. Mtu wa juu aliyeonekana akicheka na mtu wa chini aliulizwa jioni: "Kumbe na wewe?" Akaacha kucheka. Hivyo ndivyo inavyokuwa, wanangu. Kwanza tunakosa kuelewana, kisha tunaona fahari kutoelewana, na mwishoni anayeelewa anaitwa msaliti.

Matofali yakakauka, na mawingu yakaanza kujikusanya upande wa mto. Tanuri likawashwa. Watu wa juu wakachochea midomo yao, watu wa chini yao, bila salamu, mgongo kwa mgongo na ukuta wa matofali katikati. Moshi ukapanda mweupe, ule wa tofali linalotoa maji. Kesho yake Majuto akashuka chini, akaketi, akapewa chai.

"Wanawacheka," alisema. "Wanasema kuni zenu mbichi, kama nyinyi wenyewe."

Watu wa chini wakatazamana. Mmoja akatupa gogo alilokuwa ameshika. "Si wanajua kulipa?" alisema. "Basi waulipie na moto." Wakakunja mikono. Midomo ya chini ikafifia, ikabaki makaa, na makaa yakaanza kuvaa majivu.

Habari ilifika juu mara moja. Watu wa juu walipiga kelele kwa hasira, na ndani ya hasira, nisiwafiche, kulikuwa na furaha kidogo: si tulisema? Mtu mmoja tu hakufurahi. Semeni alitazama mawingu, akamtazama Chiku anayepanga magogo huku mikono imejaa masizi, akaona jembe. Akaingia ndani.

Alikasirika kiasi ambacho hakuwahi kukasirika. Akalitafuta lile bakuli la maua mekundu lililokuwa limekaa pembeni tangu siku ile, akalisugua kwa majivu, akalisuuza, akalisugua tena. Alitaka utupu wake uonekane kutoka mbali. Kwao hakuna tusi kubwa zaidi, na alikuwa ameamua kulitoa mbele ya watu: mmeitakia nyumba yangu njaa, chukueni na yenu. Akavuka barabara akiwa amelishika kifuani. Watu wa juu walipoliona walielewa, na wengine wakamfuata ili waone vizuri.

Mashavu alikuwa ameketi na wenzake karibu na midomo iliyofifia. Semeni akasimama mbele yake, akanyoosha mikono yote miwili, akampa bakuli tupu.

Mashavu akalitazama. Akapitisha kidole ndani, kikatoka kikavu na kisafi. Akainuka, akamkumbatia Semeni na bakuli likiwa katikati yao, akalia kwa sauti.

"Mama Chiku! Umerudi, shoga yangu! Mimi nikadhani ndiyo basi!"

Na wanawake wa chini wakapiga vigelegele.

Mfikirieni Semeni hapo. Amekuja na tusi la kumaliza ujirani, na tusi limepokewa kwa vigelegele. Nyuma yake watu wa juu wameduwaa. Angeweza kunyamaza, apokee machozi ambayo si yake, na wangerudi kulekule siku bakuli lingine litakapotumwa. Angeweza pia kusema kwa ukali alichokusudia, na kila kitu kikaisha palepale. Alijitoa taratibu katika mikono ya Mashavu, akamshika mabega, akauliza lile ambalo Mseto nzima haikuwa imeuliza tangu ianze:

"Kwenu, bakuli tupu maana yake nini?"

Mashavu akamwambia. Alipomaliza, Semeni alifunika uso kwa mikono. Kisha akamwambia maana yake kwao, na maana ya viazi. Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja nyuma alisema polepole, "Kumbe," na lile kumbe halikuwa la kushtaki mtu.

"Ila leo, Mashavu, sikuja kwa wema," Semeni alisema. "Nilikuja kukutukana."

Mashavu alifuta pua kwa kanga. "Basi umeshindwa," alisema. "Shika gogo lile, upande huo mzito."

Wakalinyanyua wawili, wakalisukuma mdomoni mwa tanuri. Halikushika. Semeni akapiga magoti, akapuliza mpaka majivu yakamjaa nyusi, na Mashavu akapuliza kando yake, mpaka ulimi mmoja mdogo wa moto ukatokea chini ya gogo. Wengine walikuja taratibu. Wengine hawakuja kabisa siku ile, na mmoja wao bado anaketi kwenye benchi la upande wake. Majuto alisema, "Sasa mimi nilichosema ni kwamba..." lakini akapewa shoka, akaonyeshwa rundo la kuni, na huo ndio mlo wa kwanza alioulipia kwa jasho. Walichochea pande zote mbili, wakiitana kupitia mahandaki, "Nyinyi huko, vipi?" "Huku unawaka, ongezeni!", hadi moshi mweupe ukaisha, na hawakuliacha mpaka likaiva. Mvua ilipofika ilikuta tanuri limekandikwa udongo na linafuka joto.

Matofali hayakuiva yote sawa. Yale yaliyokuwa karibu na midomo iliyozimika yalitoka yamepauka, laini kidogo, ukiyakwaruza kwa kucha yanaachia unga. Mafundi walitaka kuyatupa. Kijiji kikasema hapana, yatafutiwe mahali ambapo mvua haifiki. Yakajengwa mstari mmoja ndani ya darasa la kidato cha kwanza. Bado yako pale, na Chiku aliketi karibu nayo mwaka mzima.

Semeni bado hurudisha chombo kikiwa na kitu ndani, na Mashavu bado hurudisha kitupu kinachong'aa. Hakuna aliyeacha ya kwao. Siku hizi Mashavu akipokea viazi humpigia jirani yake kelele kutoka mlangoni, "Unanilipa tena?" na Semeni humjibu, "Na wewe bado unaniombea njaa!" Halafu wanakula.

Nami sasa nakuuliza wewe uliyeketi hapo, na jibu ubaki nalo mwenyewe: bakuli lako liliporudi tofauti na ulivyotarajia, ulikwenda kumuuliza jirani, au ulimwandalia Majuto chakula?