Zamu ya Kumsindikiza Jua

"Hodi, wenye masikio!"

"Karibu, mwenye ulimi!"

"Nina mzigo wa maneno."

"Utue, tuufungue!"

Hapo kale, kale hasa, nyota wote walikaa angani mwaka mzima. Kiangazi wapo, masika wapo, kipupwe wapo. Nge yupo, Simba yupo, Kilimia na ndugu zake, kile kikundi cha nyota wadogo, wamebanana palepale. Hakuna aliyekuja, hakuna aliyeondoka. Sasa wewe unayecheka huko nyuma, niambie, ungejuaje kuwa mwezi wa kupanda umefika? Hujui. Basi na wao hawakujua.

Palikuwa na mwanamke aitwaye Siwatu, mama wa watoto watatu. Mumewe, Mbaruku, alifariki ghafla. Watu wa kijiji wakaja matangani siku tatu, wote kwa pamoja. Wakalala, wakala, wakalia, hata pa kukanyaga hapakuwepo. Siku ya nne wakaondoka, wote kwa pamoja. Siwatu akabaki na mikeka yake, na hodi haikusikika tena mlangoni. Si kwamba walikuwa na roho mbaya. Kila mmoja alidhani mwenzake atakwenda.

Mwaka huo Siwatu aliona wingu, akapanda mtama. Wingu likapita, sisimizi wakala mbegu. Akaona wingu tena, akapanda tena. Mtama ukachipua, ukakauka. Ikabaki mbegu ya kujaza kibuyu kimoja tu. Akisema aipande, anaogopa. Akisema aisage wale, anajua ikiisha hiyo watoto wake watakufa njaa. Akamwita binti yake mkubwa, Mashavu.

"Mwanangu, kibuyu cha mbegu kiko darini. Asikiguse mtu. Naenda kumwuliza yule anayeiona nchi yote."

Akaenda. Akaenda. Akaenda. Akafika magharibi, kwenye mlango wa Jua, wakati mwenye nyumba anarudi, jasho linamchuruzika.

"Shikamoo, Bwana Jua."

"Marahaba, mama. Hapa haji mtu. Umepotea?"

"Sijapotea. Nataka kujua siku ya kupanda."

Jua akaketi kizingitini, akajifuta uso. "Mvua ina wakati wake, mama. Tatizo ni kuwa hamna alama ya kuwaonyesha. Na mimi siwezi kuwa alama, maana mimi ni yuleyule kila siku. Natoka peke yangu, natembea peke yangu, naingia peke yangu. Hao nyota hutoka nikishaingia. Hata salamu hatupeani."

Siwatu moyo ukamuuma, kwa sababu upweke huo aliujua. Akafikiri, akafikiri. Kisha akasema, "Bwana Jua, nikikupatia wa kukusindikiza, kwa zamu, utaniambia siku yangu?"

"Hawatakubali hao. Wanapenda kutazamwa."

"Niachie mimi."

Nyota walikuwa wameanza kutoka. Akamwendea Nge. "Bwana Nge, msindikize Jua siku chache."

"Mchana? Nani atauona mkia wangu?" Akapita zake.

Akamwendea Simba. "Bwana Simba, msindikize Jua siku chache."

"Mchana? Nani ataziona sharubu zangu?" Akapita zake.

Jamani, mngekuwa ninyi mngerudi nyumbani. Siwatu hakurudi. Alipomwona Kilimia hakumwomba kitu. Alimtazama tu, akatikisa kichwa.

"Mbona unanitazama hivyo?" Kilimia akauliza.

"Nakuonea huruma, shoga yangu. Mimi natoka duniani. Huko hakuna anayekutaja."

"Hakuna anayenitaja? Mimi?"

"Upo jana, upo leo, upo kesho. Nani ainue shingo? Hebu jifiche siku arubaini, utembee na Jua, halafu utege sikio."

Kilimia akanuna, ndugu zake wakanuna. Lakini neno lilikuwa limewachoma. Kesho yake wakafuatana na Jua, na mwanga wake ukawafunika.

Siwatu akarudi nyumbani. Watoto walikuwa wanakula viazi pori, lakini kibuyu kilikuwa darini vilevile. Siku ya tano jirani mmoja akatazama juu, akasema, "Pale palikuwa na nini?" Siku ya kumi kijiji kizima kiko nje. "Kilimia yuko wapi? Kilimia kafanywa nini?" Siwatu naye akatazama lile pengo, na machozi yakamtoka. Yale aliyomwambia Kilimia kwa hila yalikuwa kweli tupu. Miaka kumi na miwili alikula na Mbaruku sahani moja, na hakukumbuka hata siku moja aliyomtazama usoni akamwambia, "Nimefurahi kwamba upo."

Alfajiri ya siku ya arubaini na moja Kilimia akachomoza mashariki, mbele kidogo ya Jua. Kijiji kikalipuka kwa vigelegele! Ngoma zikapigwa! Hata Nge huko aliko akasikia, na wivu ukamshika. Siwatu alipofika tena kwa Jua kudai ahadi yake, aliwakuta nyota wanasukumana mlangoni.

"Zamu yangu!" anasema Simba.

"Yangu mimi!" anasema Nge.

"Polepole!" Siwatu akawakemea. "Mkija wote siku moja, mtaondoka wote siku moja. Naijua mimi hiyo. Pangeni mstari. Mmoja akimaliza, mwingine aingie, mwaka mzima."

Wakapanga mstari, na Nge akawekwa mbali kabisa na Kilimia kwa ule wivu wake. Jua akacheka kicheko chake cha kwanza. "Mama, ahadi ni ahadi. Zamu ya Nge itafika, na Kilimia atakuwa upande wa pili wa anga. Ukiona mimi naingia magharibi na saa hiyohiyo Kilimia anatoka mashariki, panda."

Ikaja miezi migumu. Wingu likatanda, majirani wakakimbilia mashamba.

"Mama, tupande?" Mashavu akauliza.

"Bado."

Wingu likapita. Mtoto mdogo akaanza kuvimba miguu kwa njaa. Wingu jingine likatanda, zito, lina ngurumo.

"Mama, tupande?"

"Bado, mwanangu." Na msidhani hakuogopa.

Lile nalo likapita. Ndipo jioni moja Jua akaingia, na Siwatu akageuka nyuma. Kilimia anatoka mashariki na ndugu zake wote.

"Mama, tupande?"

"Leteni kibuyu!"

Zamani Mbaruku ndiye aliyekuwa akichimba shimo, na Siwatu akifuata nyuma kutia mbegu. Alfajiri ile Siwatu alishika jembe mwenyewe. Akachimba shimo la kwanza. Akachimba la pili. Alipogeuka kuona kama mbegu zinafuata, alimkuta Mashavu ameinama, anatia mbegu tatutatu, anafukia kwa unyayo kama alivyofanya yeye miaka yote.

Mvua ikanyesha siku ya nne. Mtama ukawa mrefu kupita kichwa cha mtu, watoto wakashiba, na majirani wakapata mbegu.

Tangu siku hizo nyota hupokezana. Aliyekosekana angani yuko na Jua, anamliwaza, na atarudi. Siwatu aliwaeleza hivyo wote waliomwuliza. Kisha akawa na tabia moja iliyowashangaza. Kila aliyekutana naye njiani alimsimamisha, akamtazama usoni, akamwambia, "Nimekuona, na nimefurahi kwamba upo." Watu wakasema ujane umemvuruga akili. Yeye akajibu, "Kilimia alikwenda akarudi. Mbaruku hatarudi, na sikumwambia." Waliosikia hivyo waliacha kucheka, wakaenda majumbani mwao, kila mtu kwa mtu wake.

"Mzigo wangu umekwisha!"

"Umetufikia!"

Aliyesikia aondoke nao, aliyesinzia amwulize jirani yake. Mimi nakunja mkeka.