Kaburi Nje ya Seng'enge

Hapo zamani, kanisa letu la Kibatisti likiwa bado halina hata bati moja, watu walisali kwenye shamba la migomba la Tusekile, mke wa pili wa Mwaipaja. Shamba hilo Tusekile alipewa na baba yake mwenyewe. Akakata migomba kwa mikono yake, akasema jengeni. Wakajenga.

Tusekile akaomba kubatizwa. Mchungaji Kajeba akamwambia mke wa pili haingii majini, amwache mume kwanza. Akamwacha mume, akaacha na watoto wanne. Nimesema wanne, msikie vizuri. Akarudi, akaomba tena. Mchungaji akasema sasa hilo ni la washirika, maana kwetu mambo huamuliwa kwa kunyoosha mikono. Kumi na mmoja wakakubali, kumi na mmoja wakakataa. Akabaki Ambonisye, mdogo wake Mwaipaja. Huyu alichimba birika la ubatizo siku tisa, na siku zote tisa alikula ugali wa Tusekile. Ambonisye akatia mkono mfukoni. Kura zikalingana, ombi likaanguka. Kweli shukrani ya punda ni mateke.

Tusekile akarudi kwa mume, akakuta mlango umefungwa. Basi akaishi kibandani kando ya kanisa, akisikiliza neno dirishani kila Jumapili, miaka thelathini, mpaka akafa. Wakamzika nje ya seng'enge ya makaburi ya kanisa, kwa kuwa ndani huzikwa waliobatizwa. Ndani ya shamba la nani? Lake!

Kanisa lilipotimiza miaka hamsini, washirika wakaona haya. Wakaamua seng'enge isogezwe, kaburi liingie ndani, na aliyemkosea zaidi ang'oe nguzo ya kwanza mbele ya watu.

Mchungaji Kajeba, sasa mzee wa mkongojo, akasema, "Sheria niliikuta. Mimi sikumkataa, niliwaachia washirika."

Mwaipaja akasema, "Yeye ndiye aliyeniacha, nikabaki na watoto wanne. Mlango nilioufunga ni wangu."

Ambonisye akasema, "Mimi sikusema hapana. Nilinyamaza tu. Nani angenyoosha mkono dhidi ya kaka yake?"

Wakarudi kukaa wote watatu. Nguzo ingali imesimama, na Tusekile angali nje.

Msiniangalie mimi. Ninyi ndio mnaoegemea ukuta ule wa kanisa kila Jumapili. Je, nani alistahili kuing'oa nguzo ya kwanza?