Neno Moja la Ngwali

Wete palikuwa na tajiri wa karafuu, Bwana Saburi, mchoyo hata wa maji ya kunawa. Adhuhuri moja Ngwali, mwalimu asiye na mbele wala nyuma, alimbishia hodi chakula kikiandaliwa.

Saburi alijibu kwa sauti, barazani wasikie. "Karibu! Nifundishe neno moja tu la Kiingereza, chagua mwenyewe. Mwalimu hula kwa mwanafunzi wake mpaka ahitimu. Nikihitimu, nje!" Moyoni alihesabu sahani moja tu.

Ngwali alichagua "teki ofu", yaani ndege kupaa.

"Nimehitimu!"

"Bado, bwana. Ni kuvua kanzu pia."

Kesho yake, juu ya wali wa nazi, maana ikawa kupunguza bei. Keshokutwa yake, juu ya samaki wa kupaka, ikawa kumuigiza mtu. Pweza alipopikwa, ikawa biashara kushamiri. Saburi hakuweza kumfukuza, baraza zima lilisikia ahadi.

Mwishowe akalia, "Ngwali, Kiingereza hakina neno lenye maana moja?"

Ngwali alilamba vidole. "Yapo tele, bwana. Lakini hayo huisha kabla wali haujaiva."