Miguu ya Kuku wa Sekunda

Gamba halibanduliwi, hulowekwa.

Mlinisikia asubuhi nikimwambia baba yenu maneno hayo, alipokuwa akimfokea dada yenu Jenista aseme kwa nini amerudi kutoka shule kabla ya likizo. Sasa mnaniuliza ni gamba gani, la samaki au la nyoka. Ni la mguu wa kuku. Kaeni, na mikono iendelee kupukuchua mahindi, maana hadithi hii haina kicheko ndani yake.

Methali hii ilianza hivi.

Pale palipoota minyaa, karibu na ghala lililoanguka, palikuwa na nyumba ya Mzee Ntandu. Alikuwa jirani mwema na mchapakazi, lakini hakuwa na subira hata ya kungoja uji upoe. Mkewe alifariki akamwachia binti mmoja, Sekunda, na kundi la kuku. Binti aliolewa mbali, ng'ambo ya mbuga, na mtu aliyeitwa Kijanga. Kuku walibaki na baba, na mnajua mwanamume akiachiwa kuku huwakumbuka siku anayotaka mayai.

Mwaka mmoja, mtama ukiwa umeanza kukomaa, Sekunda alirudi. Alikuja kwa miguu, na kifurushi kidogo kwapani. Alimwamkia baba yake, akaweka kifurushi chini, akachukua ndoo, akaenda kisimani kana kwamba hajawahi kuondoka.

"Umekuja kusalimia?" baba yake alimuuliza aliporudi.

"Nimekuja, Baba."

"Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu."

Jibu hilo lilimtesa Ntandu. Haukupita muda, wakwe wakatuma ujumbe kwamba mavuno yakiisha watakuja kumchukua mke wao. Enzi zile baba aliyetaka kumzuia binti yake nyumbani ilimpasa awe na neno la kuwaambia wakwe: kwamba amepigwa, au amenyimwa chakula, au wazazi wake wametukanwa. Asiye na neno alirudisha mke wa watu. Ntandu alitaka kumzuia mwanawe, na sitamwonea kwa hilo. Alihitaji neno moja tu kutoka kinywani mwake, lakini kila alipolitaka, alilitaka kwa kelele.

"Amekupiga? Umemkosea adabu mkweo? Sema basi, unanyamaza mbele yangu kama mimi ukuta!"

Kila mara Sekunda aliinuka taratibu na kwenda bandani kwa kuku wa mama yake.

Kuku wale walikuwa katika hali ya kusikitisha. Magamba ya miguu yalikuwa yameinuka, yamejaa ungaunga mweupe kama chokaa, na miguu yenyewe imevimba hata vidole havikunjiki vizuri. Ulikuwa utitiri, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, ambao hupenya chini ya gamba na kuishi humo. Tetea mmoja mweupe alikuwa na balaa jingine juu ya hilo. Chini ya wayo alikuwa na uvimbe mgumu wenye kigaga cheusi katikati, na alishinda amesimama kwa mguu mmoja.

Sekunda aliwatibu kama mama yake alivyokuwa akifanya. Alitoa takataka zote za bandani, akatandika majani makavu, akamwagia maji ya moto fito wanazolalia. Kisha alichukua kuku mmojammoja, akamtumbukiza miguu katika karai la maji ya vuguvugu yenye sabuni, akangoja. Magamba yalipolainika aliyasugua polepole kwa mswaki mkuukuu, akafuta, akapaka mafuta ya alizeti niliyompa mimi. Yule mweupe alimlowekea wayo katika maji ya chumvi, akamfunga kitambaa safi. Baada ya siku kadhaa alianza tena tangu mwanzo. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Utitiri hufa kwa kukosa pumzi ndani ya mafuta, na gamba bovu hudondoka lenyewe jipya likiwa tayari chini yake.

Kumshika kuku na kumwosha kunataka watu wawili, kwa hiyo Ntandu alikubali kushika. Alasiri moja nilikuwa kwenye ua wangu naanika ufuta, nikawaona. Baba amempakata jogoo, binti ameinama juu ya karai. Kwa mara ya kwanza tangu arudi, Sekunda alizungumza bila kuulizwa.

"Mama alikuwa akisema kuku haonyeshi maumivu mpaka yamzidi."

"Ndivyo alivyosema," Ntandu akajibu, naye sauti yake ilikuwa ya chini siku hiyo.

Sekunda akaendelea kusugua. Nilimwona akivuta pumzi.

"Kule, Baba, jikoni kuna..."

Ntandu akainua kichwa. "Jikoni kuna nini? Amekufanya nini? Sema! Sema sasa hivi!"

Jogoo alishtuka akarusha mabawa, karai likapinduka. Sekunda alifuta mikono yake kwenye kitenge.

"Kuna moshi," akasema.

Usiku ule sijui Ntandu aliwaza nini. Kulipokucha alikuwa bandani na kisu. Alimkamata tetea mwekundu, aliyekuwa na magamba mabaya kuliko wote, akamlaza chini na kumkanyaga bawa, akaanza kuyabandua magamba moja baada ya jingine kama mtu anayemenya muhogo. Kelele za yule kuku zilinitoa ndani. Nilipofika, Sekunda alikuwa amesimama mlangoni, na baba yake anamwinulia mguu ule mbichi unaochuruzika damu.

"Umeona?" alimwambia. "Kazi yako ya wiki nzima mimi nimeimaliza kabla ya chai. Mambo yote ni hivihivi. Ukitaka yaishe, yaishe!"

Sekunda alimchukua kuku kutoka mikononi mwake, akamfunika kwa upande wa kitenge.

"Baba," alisema, "gamba halibanduliwi, hulowekwa."

Hakusema zaidi, na Ntandu hakusikia zaidi ya ukaidi wa mtoto. Mguu wa yule kuku ulivimba, ukanuka, ukaita nzi. Akafa akiwa amejikunyata pembeni ya banda.

Mavuno yalipoisha wakwe walikuja. Alikuja Kijanga na baba zake wadogo, watu wa maneno laini, wamevaa makoti. Tulikaa uani. Ntandu alimwita binti yake katikati yetu.

"Hawa hapa," alisema. "Kama una neno, litoe mbele yao. Nami naapa hutoki hapa nyumbani."

Sekunda alitazama chini. Kijanga alikuwa ameketi mbele yake, anamtazama bila kupepesa. Nani angesema? Mimi mwenyewe nisingesema.

"Sekunda! Mara ya mwisho nakuuliza!"

Sekunda akavuta kitenge chake, akajifunika mabega.

Ntandu alisimama kwa hasira na aibu. "Basi asiye na neno hana shauri. Mchukueni mke wenu."

Sekunda alifunga kifurushi chake kilekile. Alipopita kwenye ua wangu alisimama kidogo, akaniomba nimfikishie baba yake ujumbe. "Mwambie yule mweupe bado hajapona. Asiache kumloweka." Nikamjibu nitamwambia. Nikamwambia baba yake jioni ileile, naye akaitikia kwa kichwa tu.

Lakini alifanya. Kila siku nilimwona na karai lake, amempakata yule tetea, anangoja maji yafanye kazi yake. Alikuwa anajifunza kungoja. Kigaga cheusi kililainika, uchafu ukatoka, jeraha likafunga. Magamba mapya yakatokea, laini, yanang'aa. Akaanza kuniambia kwamba masika yakipita atakwenda ng'ambo ya mbuga kumtembelea mwanawe, atakaa naye siku nyingi, na hatamuuliza kitu.

Masika hayajapita, ikaja habari kwamba Sekunda amefariki. Walisema ni homa.

Ntandu alikwenda, nasi wanawake watatu kutoka huku tukafuatana naye kumwosha. Kwenye mgongo na mapajani mwake kulikuwa na makovu ya kuchomwa kwa kijinga cha moto, mengine ya zamani, mengine bado vidonda vibichi. Tulimwosha kwa maji ya vuguvugu. Nilijua sasa jikoni kulikuwa na nini.

Tulipotoka, Ntandu alikuwa mlangoni. Alitutazama usoni mmoja baada ya mwingine. Nilidhani atatushika mabega na kututikisa, kama nilivyomjua. Hakuuliza. Alisogea pembeni, akatupisha.

Tukarudi nyumbani, siku zikapita, bado hakuuliza. Nikawa naenda kukaa naye uani anapolowekea kuku wake, nami simwambii kitu. Mpaka alasiri moja, yule mweupe akiwa ndani ya karai ingawa alikwisha kupona, na Ntandu akimpitishia maji kwa kiganja, nilijikuta nimeanza mwenyewe. Nikamweleza yote, tangu kovu la kwanza hadi la mwisho. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza, maji yalikuwa yamepoa, naye alikuwa bado amemshika kuku.

"Aliniambia," akasema. "Mwanangu aliniambia la kufanya, nami nimeshika kisu."

Tangu siku ile, kila aliposikia mtu anamkemea mtoto aseme lililo moyoni, Ntandu alikuwa akimwendea na kumpa maneno ya Sekunda. Watu waliyachukua, yakaenea vijijini, na wengi wanaoyasema leo hawamjui mwenyewe.

Jenista yuko nyuma ya nyumba. Mmoja wenu ampelekee uji, akae naye. Msimuulize kitu. Mkae tu, hata kama jua litazama kabla hajasema. Gamba halibanduliwi, hulowekwa.