Shangazi wa Kambi ya Mkonge

Mtu mmoja alikuwa na binti mmoja, mafiga matatu, na ndugu hata wa kumtuma chumvi hana. Aliitwa Chilumba, Mmakonde aliyekuja kukata mkonge upande wa Tanga akiwa kijana, akazeekea huko huko. Mkewe alikwisha kufariki. Nawapa habari zake nyinyi watu wazima wa darasa la jioni, mnaojifunza Kiingereza mkiwa na wajukuu, kwa sababu kila nikiandika neno ubaoni mnaniuliza limezaliwa wapi na ni la kabila gani la maneno. Tulieni. Jibu limo kambini kwa Chilumba.

Kambi ile ilijaa watu wa kila pembe. Waha walitoka Kigoma, Wangoni Songea, Wanyakyusa Tukuyu. Wengine walikuja kwa lori, wengine kwa miguu, na mmoja, husemwa, alikuja kuuliza njia tu akapewa panga. Kila mmoja alifika na jina lake, na kambi ikalitengeneza upya. Jina refu lilikatwa mkia, maana msimamizi hakuwa na pumzi ya kulimaliza. Watu wawili wakioana, nyumba yao iliitwa kwa majina yote mawili, moja limebebwa mgongoni na jingine. Mwingine alipachikwa kijineno mbele, Mama au Fundi, na tangu siku hiyo hata namna ya kumsalimia ikabadilika. Kati ya wazee wa pale hakuna aliyezaliwa pale, na kambi ilikuwa yao.

Somoe, yule binti, akapata mchumba, kijana Kihiyo wa ukoo mkubwa wa Kibondei. Chilumba alifurahi kwa muda wa kumeza mate. Kisha akakumbuka. Wajumbe wa posa hutaka kuuona mkeka wa ukoo: shangazi wa binti yuko wapi, mjomba ni nani, bibi ni yupi. Msichana asiye na watu, nani atamsemea siku mume akimkosea? Chilumba akaacha kula. Somoe akawa anafagia uwanja uliokwisha kufagiwa, maana alimpenda yule kijana, na alijua kwamba wazee wa kijana wakigeukia mlangoni hawarudi.

Majirani wakasema watakaa wao mahali pa ndugu. Chilumba aliona haya kukubali, akakubali. Kazi ya kupanga akapewa Haule, karani mstaafu wa kambi. Haule alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na ugonjwa wa kupanga. Wenye midomo walisema hata mke alimchagua kwa kufuata alfabeti. Yeye ndiye aliyezigawa nyumba za kambi zamani, kila watu na safu yao kwa kufuata walikotoka. Basi akatandika mikeka vivyo hivyo: wa Waha, wa Wangoni, wa Wanyakyusa. Kwenye mkeka wa mbele, wa ukoo wa binti, hakuweka mtu isipokuwa Chilumba, kwa kuwa Mmakonde mwingine hakumpata, na uongo haufai mbele ya wageni. Akamshauri Chilumba ajitanue, aonekane wengi.

Wageni wakafika, kanzu zimenyooka. Mbele yao alikuwa Mzee Semhando, babu yake Kihiyo, mtu wa maneno machache na macho mengi. Wakautazama mkeka wa mbele, wakamwona mzee mmoja ametandazwa kama nguo iliyoanikwa. Uwanja ulijaa watu, lakini walikaa kama magunia sokoni, viazi huku, mahindi kule, na hakuna aliyewakaribisha wageni, kwa sababu kila mkeka ulidhani hiyo ni kazi ya mkeka mwingine. Semhando akauliza shangazi wa binti ni yupi. Kila mkeka ukatazama mkeka mwingine. Haule akasimama, akaeleza kwa ufasaha kila mkeka umetoka mkoa gani. Semhando akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akaivuta fimbo yake karibu, kama mtu anayetaka kuinuka. Ndani, nyuma ya pazia, Somoe akaiona fimbo ile inavyosogea.

Hapo akatokea Tusekile na ndoo ya maji kichwani. Mama huyu wa Tukuyu hakuwa amekaa mkeka wowote, kwa kuwa tangu alfajiri hakupata nafasi ya kukaa. Ndiye aliyemlea Somoe mama yake alipofariki, akamfunda alipovunja ungo, akamchapa alipostahili, na siku alipozidisha akamwomba radhi. Akaitua ndoo, akajifuta mikono kwa kanga, akapita mbele ya wageni akiinama kwa adabu, akaketi mkeka wa mbele. Akamwita Chilumba kaka, akamwambia asogee, amelalia nafasi za watu. Haule akamnong'oneza kwamba mkeka wake ni ule wa Wanyakyusa. Semhando akasikia. Akamuuliza kwa upole kama yeye ni shangazi wa kuzaliwa.

Tusekile akasema, "Mzee wangu, Tukuyu ndiko nilikotoka. Ukitaka kujua hapa mimi ni nani, mlize mtoto huyu siku moja, halafu uone nani atakuja kukugongea mlango."

Mabega ya Semhando yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka taratibu kama mtu anayetua mzigo. Akailaza fimbo chini. Akawaambia wenzake kwamba shangazi waliyemtafuta wamempata.

Majirani wakaelewa bila kupangwa. Muha aliyeinuka kuwanawisha wageni akawa mjomba, birika bado liko mkononi. Bibi kizee wa Kingoni akasogezwa mbele, akawa bibi, na papo hapo akamlaumu Kihiyo kwa kuja kumwoa mjukuu wakati yeye mwenyewe bado yupo. Haule akabaki amesimama katikati, hana mkeka. Tusekile akamwambia abaki hapo hapo kati ya pande mbili, apokee neno huku alipeleke kule, maana bila mtu wa hapo wote wangekuwa wanapayukiana. Na kweli, aliifanya kazi hiyo vizuri kuliko nyingine yoyote ya maisha yake. Posa ikapokewa. Somoe akatoka, akapiga magoti mbele ya mmoja mmoja, akilia. Chilumba akasimama, akawatilia chakula wageni wote na majirani wote kwa mkono wake, na yeye akala mwisho.

Kiingereza ni kambi ile, ndugu zangu. Maneno yake mengi yamekuja kwa miguu: la sukari limepitia kwa Waarabu, la safari wamelichukua kwetu na hawajalirudisha. Mengine yamekatwa mkia. Mengine yameoana, jua na ua wakawa jina la alizeti. Mengine yamepachikwa kijineno mbele, na mwenye furaha akageuka mwenye huzuni. Ukiyapanga kwa sura au kwa yalikotoka utabaki na mikeka mingi na hakuna shangazi. Neno lao la maji likiwa ndani ya ndoo ni nomino; likishika kazi ya kumwagilia bustani ni kitenzi, na wala halikubadilisha shati. Litazameni limeketi wapi katika sentensi na limeshika kazi gani. Na vile vijineno vidogo vya kuunganisha, vinavyosimama katikati kama Haule, msivibeze, ndivyo vinavyotufanya tusikilizane.

Mimi nikiisoma lugha hiyo nashukuru, kwa kuwa nyumba iliyowafungulia wageni wengi kiasi hicho haina sababu ya kunifungia mimi. Nanyi niambieni: siku mkeka wa mbele ulipokuwa mtupu upande wenu, ni nani aliyekuja akaketi, na mmekwisha kumshukuru?